Simu hutuma papo hapo, benki husubiri usiku: Siri iko kwenye kasi ya mtambo

IJUMAA moja alasiri, mzee mmoja jirani yangu hapa Chula alipigiwa simu na mnunuzi wake wa kamba aliyeko Mombasa. Aliambiwa fedha zimekwisha kupelekwa benki. Nahodha naye alikuwa akingoja malipo ya mafuta.

Jumamosi hazikuonekana, wala Jumapili. Nahodha akamwita mzee mwongo mbele ya watu, akang’oa nanga akaenda zake. Barafu ikayeyuka, kamba wakaoza. Jumatatu asubuhi fedha zikaingia kwenye akaunti. Wawili hao, waliokula sahani moja tukiwa wakimbizi, hadi leo hawasemezani.

“Mwalimu,” mzee aliniuliza, “simu yangu hutuma pesa kabla sijameza mate. Vipi benki yenye mtambo wa mamilioni ilale siku tatu?”

“Ami,” nilimjibu, “mtambo haukulala. Ulikuwa ukingoja zamu.”

Mimi niliondoka hapa mtoto, vita vilipozuka mwaka 1991, na kompyuta nilijifunzia uhamishoni Mombasa. Huko ndiko nilikofahamu kwamba kompyuta ina namna mbili za kufanya kazi. Ya kwanza ni papo hapo, kama simu inavyotuma pesa. Ya pili ni kwa mafungu: hundi, malipo kati ya benki na benki, riba na mishahara hukusanywa, kisha hupitishwa kwa pamoja saa maalumu, mara nyingi usiku. Aliyechelewa saa ya kufunga hungoja fungu la siku ya kazi inayofuata.

Kazi hiyo ya mafungu katika mabenki mengi makubwa duniani hufanywa na kompyuta kuu, zile ziitwazo meinifremu. Ni lazima imalizike kabla milango haijafunguliwa asubuhi. Ndipo linapozuka swali: mtambo upi una kasi zaidi?

Wengi hutazama gigahezi, yaani mapigo ya prosesa kwa sekunde. Kipimo hicho hudanganya. Mwaka 2012 kampuni ya IBM ilitoa mtambo wa zEC12 wenye gigahezi 5.5. Mwaka 2015 ikatoa z13 wenye gigahezi 5.0. Mapigo yalipungua, lakini kila prosesa ilifanya kazi zaidi, kwa kuwa ilipokea maagizo mengi zaidi kwa pigo moja na kuwa na hifadhi kubwa zaidi ya karibu.

Jambo la pili ni idadi ya prosesa. Mteja wa zEC12 aliweza kuwa nazo hadi 101. Wa z13 hadi 141. Je, kazi ya usiku itakwisha upesi kwa sababu hiyo? Si lazima.

Fikiria chombo kinachoshusha magunia Kismayu. Ukiongeza wachukuzi, magunia hushuka haraka. Lakini kama kuna mzigo mmoja unaobebwa na mtu mmoja tu, wachukuzi mia hawatausogeza. Anahitajika mmoja mwenye nguvu. Ndivyo ilivyo riba: haihesabiwi mpaka amana zote ziingizwe kwanza.

Mitambo hii pia huuzwa mingine ikiwa imepunguzwa kasi makusudi ili bei ishuke. Mitambo miwili yaweza kuwa na jumla sawa ya nguvu, mmoja una prosesa chache zenye kasi, mwingine nyingi za polepole. Kazi ndefu isiyogawanyika itachelewa kwenye huo wa pili. Na kama data inachelewa kutoka kwenye diski, prosesa yoyote itakaa bure, mithili ya mchukuzi anayengoja gunia.

Ndiyo maana IBM yenyewe hutoa majedwali ya kulinganisha mitambo kwa aina ya kazi, si kwa tarakimu moja. Na mnunuzi mwerevu hupima kwa kazi yake mwenyewe ya usiku.

Afrika Mashariki ina funzo lake. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta ya ICT 1500 mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mtambo peke yake hautoshi bila mpangilio na watu wanaoujua.

Kwetu sisi wa mpakani, ushauri ni huu: fedha ya benki ipelekwe asubuhi, si Ijumaa alasiri. Uliza saa ya kufunga, na umtumie mwenzako picha ya risiti.

Haya yote nimemweleza nahodha. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mzee bado anavua kamba. Nikamwambia aende akamuulize mwenyewe.