Kibajuni Mahakamani: Lafudhi Inapofanywa Hati ya Kuzaliwa



Juzi mwenzetu mmoja kaniuliza swali ambalo nimeshaulizwa mara nyingi: "Hivi kweli Waingereza humsikiliza mtu kwa simu muda mfupi tu, wakajua huyu katoka Somalia au Kenya?" Nilimjibu kwa haraka kwamba ndiyo, hufanya hivyo, na wakati mwingine hupatia. Lakini jawabu kamili ni refu, na linatuhusu sisi watu wa lugha kuliko wengine, manake lugha inayopimwa ni yetu.

Ukisoma magazeti ya hapa utadhani suala la waomba hifadhi ni hesabu tu. Mwaka 2002 maombi yalifika kiasi cha 84,000, na Februari 2003 Tony Blair akaahidi mbele ya televisheni kuyapunguza kwa nusu. Mwaka 2024 maombi yalirudi kwenye kiasi hicho hicho. Katikati tumeona mashua za mpira, tumeona mpango wa kuwapeleka watu Rwanda uliotiwa saini Aprili 2022, ukakataliwa na Mahakama ya Juu Novemba 2023 na kuachwa Julai 2024. Kelele zote hizo ni za "wangapi". Swali la afisa aliyekaa mezani ni jingine: huyu aliye mbele yangu ni nani? Hana pasi, hana cheti, na serikali ambayo ingempa cheti ilianguka Januari 1991. Alichokuja nacho ni ulimi wake.

Wabajuni ndio waliopatikana zaidi na jambo hili. Wengi wenu mnawajua: watu wa visiwa na pwani kuanzia Kismayu kushuka Koyama, Chovai na Chula mpaka Ras Kamboni, kisha Kiunga, Kiwayu, Ndau hadi Pate. Ni watu wamoja, ndoa zao moja, bahari yao moja. Vita vya Somalia vilipozuka hawakuwa na kabila kubwa lenye silaha la kuwalinda. Wakaporwa mashua, wakafukuzwa visiwani, wengi wakakimbilia Kenya kwa majahazi. Kambi za karibu na Mombasa, kama ile ya Jomvu, zilifungwa katika miaka ya 1990, na watu wakatawanyika. Baadhi wakafika huku.

Kwa hiyo Mbajuni wa Somalia alikuwa na haki ya kusikilizwa kama mkimbizi, lakini binamu yake wa upande wa Kiunga alikuwa Mkenya na akatakiwa arudi kwao. Na mpaka unaowatenganisha binamu hawa ulichorwa na nani? Jubaland pamoja na visiwa vyake ilikuwa chini ya Mwingereza mpaka mwaka 1925, alipowakabidhi Wataliano. Leo Mwingereza huyo huyo anamwuliza mjukuu wa mvuvi athibitishe kwa lafudhi kuwa babu yake alizaliwa upande gani wa mstari ule.

Kipimo chenyewe huenda hivi. Mwombaji anapigiwa simu na mchambuzi aliye nchi nyingine. Kwa muda mrefu kazi nyingi za Kiswahili na Kisomali zilifanywa na kampuni ya Stockholm, Sprakab. Mazungumzo yanarekodiwa. Mwombaji anaulizwa maisha ya kwao, chakula, majina ya visiwa. Kisha msikilizaji, ambaye katika ripoti hutajwa kwa namba tu, pamoja na mwanaisimu, wanaandika kwamba usemi huu unalingana na Somalia ya kusini, au na Kenya, kwa kiwango fulani cha uhakika.

Si uchawi, wala si upuuzi. Kibajuni kina alama zake. Pale sisi tunaposema "tatu", Mbajuni husema "chachu", na mabadiliko hayo ya t kuwa ch yana utaratibu wake. Derek Nurse, aliyekuwa akifundisha Canada katika Chuo Kikuu cha Memorial, amevieleza vitu hivi kwa undani, na baadaye akajikuta naye yumo katika kesi hizi. Mtu aliyelelewa Chovai mpaka utu uzima, akasemeshwa na mwenzake, hawezi kuzificha alama hizo.

Tatizo liko kwenye hilo neno "akasemeshwa na mwenzake".

Miaka kadhaa iliyopita wakili mmoja aliniletea faili la kijana aliyesema ametoka Chula. Ripoti ilimhukumu kwa uhakika mkubwa: usemi wake ni wa Kenya. Nikaomba kanda. Aliyemhoji alikuwa akizungumza Kiswahili sanifu safi, kile cha redioni, na kijana akamjibu kwa sanifu. Nani kati yetu asingefanya hivyo? Mimi mzaliwa wa Mombasa, nikisemeshwa na mtu wa Dodoma ulimi wangu unageuka wenyewe. Isitoshe kijana huyu alitolewa Chula akiwa na miaka minne hivi, akakulia kambini Mombasa, akacheza mpira na watoto wa Mombasa. Ulimi wake ulikuwa umetoka Kenya kweli. Yeye hakutoka Kenya.

Nilipokutana naye sikumwuliza majina ya visiwa, hayo hata mimi nimeyakariri. Nilimwuliza bibi yake alikuwa akimsimulia nini usiku. Akaanza kwa Kimvita, kisha akaingia kwenye hadithi ya babu yake na uvuvi wa kasa, namna wanavyomfunga chazo kamba mkiani ili akagandane na kasa. Walipofika kuhesabu kasa waliopatikana akasema "chachu", wala hakujisikia. Niliandika ripoti yangu juu ya hilo na mengine, nikasema lugha yake ni ya mtoto aliyelelewa na Mbajuni katikati ya watu wa Mombasa, na kwamba isimu haiwezi kusema zaidi. Rufaa yake ilikubaliwa.

Tusidanganyane lakini. Wapo ndugu zetu wa Kenya na wa visiwani Tanzania waliojiita Wabajuni wa Somalia kwa sababu mlango huo ndio uliokuwa wazi. Wengine walikuwa na shida zao za kweli, wengine walitafuta kazi tu. Nimesikiliza kanda za watu waliotaja Koyama, Chovai na Chula kama mtoto anayesoma meza ya hesabu, na Kiswahili chao ni Kiunguja kitupu. Serikali haikuzua shaka hiyo kutoka hewani, na kila aliyeazima jina la Mbajuni alimwongezea Mbajuni wa kweli mzigo wa kuthibitisha.

Wanaisimu hawakunyamaza. Juni 2004 kundi la wanaisimu 19 kutoka nchi mbalimbali lilitoa mwongozo. Kwa maneno yangu: lugha inaweza kuonyesha mtu alilelewa katika jamii ipi, haiwezi kuonyesha uraia, kazi hii ifanywe na wataalamu, kwani kuizungumza lugha si sawa na kuijua kitaalamu, na izingatiwe kuwa mtu hubadili usemi kumfuata anayesema naye. Mwaka huo huo mahakama ya rufaa za uhamiaji, katika kesi ya Mbajuni iitwayo KS, ilitaka Kibajuni, Kisomali na ujuzi wa maisha ya visiwani vipimwe pamoja, pasiwe na kimoja kinachoamua peke yake.

Halafu mambo yakarudi nyuma kidogo. Mwaka 2010, katika kesi ya RB, mahakama ya uhamiaji ilisema ripoti za Sprakab zinastahili kupewa uzito mkubwa. Maafisa wakaishika kauli hiyo kama msahafu. Ilibidi kungoja mpaka Mei 2014, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi za waombaji wawili wa Scotland waliodai Usomali na kuambiwa ni Wakenya. Majaji hawakukikataa kipimo, na hilo watetezi wengi hulisahau. Walisema hakuna ripoti ya kupewa uzito mapema kabla ya kutazamwa kesi yenyewe, na kwamba mchambuzi wa lugha abaki kwenye lugha. Akitaka kusema mtu anaijua nchi au haijui, aonyeshe kwanza ujuzi huo kaupata wapi. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa wa haki, ila haukugusa jambo la nani anamsemesha mwombaji na kwa lahaja gani, ambalo kwangu ndilo kubwa.

Mimi mwenyewe nimeandika ripoti za kumkataa mtu. Mmoja alikuwa kijana wa mtaa wa pili na nyumbani kwetu. Lafudhi yake niliitambua kabla hajamaliza salamu. Nilimwambia wakili kuwa siwezi kuandika kinyume cha nilichosikia. Shangazi yake yuko mji huu huu. Tukikutana arusini hunipita kama hanioni, na nimesikia anasema nilimuuza mtoto wao. Sijapata jawabu la kumpa.

Kuna jambo moja la kikazi naomba tulifikirie. Sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya Kibajuni imetokana na rekodi chache za wazee, na watoto waliozaliwa kambini, Mombasa au huku hawakisemi tena kama wale. Kila mwaka ripoti zinalinganisha usemi wa vijana na lugha ambayo karibu haina wasemaji wa umri wao. Kama yupo mwenye kanda za wazee wa Koyama au Chula za kabla ya 1991, hata ziwe za harusi au kasida, tafadhali azinakili kabla hazijaoza. Mimi ninayo mashine ya kuzichezesha bado.