Viza ya Kazi Hutangulia Safari

Kijana aliyehitimu sekondari, akiwa anasubiri kuingia chuo, huweza kutamani kuutumia mwaka huo kufanya kazi ng'ambo. Hilo si kosa. Hatari ni kuondoka kabla ya hati kukamilika.

Viza ya matembezi haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi. Kwa kawaida viza ya kazi huombwa kabla ya safari, kwa mkataba unaotaja mwajiri na mshahara. Wakala akisema, "Vuka kwanza mpaka wa Rusizi, viza utaipata mbele," mtilie shaka. Mtake aoneshe kibali cha Wizara ya Utumishi wa Umma na Kazi. Pasipoti usimkabidhi akutunzie. Ndiyo njia yako ya kurudi.

Sheria Na. 51/2018 humwadhibu msafirishaji haramu wa binadamu kwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Uhalifu ukivuka mpaka, miaka 20 hadi 25.

Mzazi, usome mkataba pamoja na mwanao, ubaki na nakala. Mkiona shaka, pigeni 112 kwa Polisi au 166 kwa RIB. Kuuliza si ujinga.