Kwa nini sikoseli haijaisha? Dokta Allison na siri iliyomo damuni

Huenda yupo mwenzako darasani ambaye karibu kila muhula lazima akose masomo wiki moja au mbili. Mifupa inamuuma mpaka analia, macho yanakuwa ya njano, damu inapungua. Akirudi shuleni anakuta maneno yamemtangulia: eti karogwa, eti mama yake alivunja mwiko, eti anasingizia ugonjwa ili akwepe kazi za mikono. Maneno ya namna hii unaweza kuyasikia Mikindani, Msimbati, hata kule Kilambo karibu na mlango wa Mto Ruvuma.

Ukweli ni kwamba mwenzako huenda ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Haukuletwa na mchawi wala haukuletwa na mama peke yake. Historia yake imefungana na ya mdudu unayemfahamu fika: mbu. Aliyeifungua siri hiyo ni mtafiti wa vinasaba aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hapa hapa Afrika Mashariki.

Kinasaba ni nini?

Kinasaba ni kama maelekezo ambayo mwili hufuata unapojijenga. Kila maelekezo unapewa mara mbili, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Yapo maelekezo ya kutengeneza himoglobini, yaani kitu kinachoipa damu wekundu na kubeba hewa ya oksijeni.

Nakala ya kawaida huitwa A. Nakala yenye hitilafu huitwa S. Ukiwa na AA, damu yako ni ya kawaida. Ukiwa na AS, wewe ni mbebaji: kwa kawaida huumwi, unacheza mpira na kupiga mbizi kama wengine, na unaweza kuzeeka bila kujua. Ukiwa na SS, una ugonjwa wenyewe. Seli nyekundu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo na kufa mapema. Ndiyo sababu ya maumivu na upungufu wa damu.

Sasa jiulize. Kama SS ilikuwa inaua watoto wengi kabla hawajakua na kuzaa, basi nakala S ingepaswa kupungua kizazi hadi kizazi mpaka iishe. Mbona haikuisha?

Kijana aliyekulia Kenya

Swali hilo ndilo lililomkamata Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya, kisha akaenda Uingereza kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, alijiunga na msafara wa chuo hicho uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walishughulika na mimea na wadudu, yeye akazunguka akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali.

Akaona jambo la ajabu. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, wabebaji wa S walizidi 20 katika kila watu 100. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, hawakufika hata mmoja katika 100. Pwani kuna nini, ziwani kuna nini, ambacho milimani hakuna? Jibu lilimjia: malaria. Je, inawezekana mbebaji wa S anapata kinga fulani dhidi ya malaria?

Angekuwa mtu wa pupa angelitangaza siku ile ile. Lakini wazo siyo ushahidi. Alirudi kumaliza masomo ya udaktari, na mwaka 1953 akarejea Afrika Mashariki kulipima wazo lake.

Kurasa chache zilizotikisa dunia

Uganda, Allison alipima damu za watoto 290. Kati ya watoto 247 wasio na S, 113 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya wabebaji 43, waliokuwa na vimelea ni 12 tu. Piga hesabu mwenyewe: ni kama 46 katika 100 dhidi ya 28 katika 100.

Alifanya pia jaribio ambalo leo lingezua maswali makubwa. Wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi, kisha wakatibiwa. Kati ya 15 wasio na S, waliougua ni 14. Kati ya wabebaji 15, waliougua ni wawili. Siku hizi hapa Tanzania utafiti kwa binadamu lazima upite kwanza kwenye kamati za maadili, ikiwemo ile ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Ukiombwa kushiriki utafiti wowote, una haki ya kuelezwa kila kitu, na una haki ya kukataa.

Mwaka 1954 Allison alichapisha makala tatu kuhusu jambo hili, moja ikiwa katika jarida la madaktari wa Uingereza, *British Medical Journal*. Je, wote walikubali? Hapana. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani walijaribu kwa watu wengine wa kujitolea, na hawakuiona kinga hiyo. Hapo ndipo utajua faida ya kuchapisha. Ukiandika ulichofanya na idadi uliyopata, mwingine anaweza kukupima na hata kukupinga. Kwa kupimana huko picha ikawa wazi zaidi: mbebaji anaweza kabisa kuambukizwa malaria, ila mara nyingi haifikii ile hali mbaya inayoua watoto.

Watoto wa Musoma

Makala nyingine ya Allison, ya mwaka 1956, inatuhusu sisi moja kwa moja kwa sababu watu wake walikuwa wa Musoma, Tanganyika ya wakati huo. Alilinganisha watoto wachanga na watu wazima. Katika watoto 287, wenye SS walikuwa 9. Katika watu wazima 654, walikuwa 5 tu. Lakini wabebaji walikuwa kama 31 katika watoto 100, na kama 38 katika watu wazima 100.

Soma tena hesabu hiyo taratibu. Watoto wengi wenye SS hawakufika utu uzima. Wenye AA nao walipungua, kwani malaria iliwachukua zaidi. Wenye AS ndio waliosalia kwa wingi, wakazaa na kuirithisha S. Kumbe hilo ndilo jibu: nakala moja inaokoa, nakala mbili zinaumiza.

Allison aliendelea na utafiti maisha yake yote. Miaka ya baadaye, yeye na mkewe Elsie Eugui walishiriki kutengeneza dawa inayosaidia watu waliopandikizwa figo. Alifariki mwaka 2014.

Wewe wa Mtwara, hii inakuhusu nini?

Inakuhusu sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliuweka Mtwara miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi Tanzania. Mabwawa na mashamba ya mpunga ni mazalia ya mbu. Tena katika pwani ya Afrika Mashariki ipo aina ya mbu wa malaria, *Anopheles merus*, anayezaliana hata kwenye maji ya chumvichumvi. Kwa hiyo usije ukasema, "Mimi mbebaji, chandarua cha nini?" Kinga yako siyo kamili, na mdogo wako huenda hana kabisa.

Na mwenye SS je? Huyo ndiye wa kulindwa zaidi. Watafiti wa Muhimbili wakiongozwa na Dokta Julie Makani, Mtanzania mwenzetu, walichapisha mwaka 2010 kwamba malaria kwa wagonjwa wa sikoseli waliolazwa iliambatana na upungufu mkubwa wa damu na vifo. Rafiki yako mwenye sikoseli akipata homa, asisubiri kesho. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni la uchumba. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na mtoto mwenye SS, nafasi mbili za mbebaji, na nafasi moja ya AA. Usidanganyike kwamba wa kwanza akiugua basi watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba inaanza hesabu upya. Na angalia: ili mtoto awe na SS, S moja lazima itoke kwa baba na nyingine kwa mama. Basi mwanaume anayemfukuza mkewe kwa kuzaa "mtoto wa ugonjwa" anajifukuza na yeye.

Dawa ya mashaka ni kupima. Ni kipimo cha damu, uliza hospitali ya mkoa au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kujua siyo lazima kuachana. Ni kuamua mambo mkiwa macho wazi, na mtoto akizaliwa apimwe mapema na kuanza matibabu. Siku hizi ipo dawa ya haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu, na wengi wenye sikoseli wanasoma, wanafanya kazi na wanalea familia.

Kesho mwenzako akirudi darasani, mpe daftari anakili masomo yaliyompita. Na ukimsikia mtu akisema karogwa, mweleze habari za watoto wa Musoma.