Rusizi: pesa za mazingira zinapimwaje?

Tangu 2006, wilaya za Rwanda, Rusizi ikiwemo, husaini imihigo mbele ya Rais: ahadi za kazi ambazo baadaye hupimwa. Lakini kutumia pesa nyingi si kufanya kazi nzuri.

Chukua mfano. Sekta mbili za milimani zimetumia pesa sawa. Moja imepanda miti 1,000, ikapona 300. Nyingine imepanda 600, ikapona 500. Ya pili ndiyo iliyotumia vizuri, kwani mti uliokauka hauzuii udongo kuporomokea Ziwa Kivu.

Umuganda hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na baada ya kazi watu hukutana kuzungumza. Uwe mkimbizi au mwenyeji, uliza: miti ya mwaka jana imepona mingapi?