Bakteria anayepumua oksijeni, lakini kwa kipimo

Mwaka 1886 daktari Mjerumani Theodor Escherich aliona kwa darubini, katika utumbo wa watoto waliokufa kwa kuhara, vijidudu vyembamba vilivyojisokota. Akajaribu kuviotesha maabara. Havikuota.

Ilipita miaka zaidi ya 90 ndipo Martin Skirrow wa Worcester, Uingereza, akaeleza mwaka 1977 njia nyepesi ya kuwaotesha bakteria ambao wataalamu wanaamini ndio hao: Campylobacter jejuni, mojawapo ya vyanzo vikuu vya kuhara duniani. Pamoja na joto na dawa za kuzuia bakteria wengine, walihitaji oksijeni kidogo. Hewa ya kawaida ina asilimia 21. Hawa hustawi kwenye 5 hivi.

Ajabu ni kwamba wanaipumua hiyo hiyo oksijeni. Kutoka kwenye asidi za amino na laktati, bakteria hunyofoa elektroni na kuzipitisha kwenye msururu wa protini ulio katika utando wake, hadi kimeng'enya cha mwisho kinachozikabidhi kwa oksijeni, yakapatikana maji. Njiani ndipo nishati inapozalishwa. Kimeng'enya hicho hunasa oksijeni hata ikiwa haba, ndiyo maana ute wa utumbo, wenye oksijeni kidogo, unamfaa. Ikikosekana kabisa, anaweza kuzikabidhi elektroni kwa nitrati akajikimu, lakini hazaliani: kimeng'enya kinachotengeneza malighafi ya DNA yake hakifanyi kazi bila oksijeni.

Ikizidi nayo, elektroni huchopoka njiani na kuzaa supaoksaidi na hidrojeni peroksaidi. Kemikali hizi hubomoa vimeng'enya vyenye chuma na salfa, vikiwemo vinavyoandaa chakula kwa ajili ya upumuaji wenyewe. Katalasi anayo ya kujikinga, ila huzidiwa.

Dhaifu huyu anatufikiaje? Kwa kuku, zaidi ya yote. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hadi 42, analolipenda. Kwenye nyama mbichi iliyokaa hazaliani, lakini baridi na unyevu humhifadhi, na mia chache tu wanatosha kumwangusha mtu. Kuosha kuku mbichi bombani, maji yakirukia kachumbari, ni hatari ya kweli.

Linaloumiza zaidi liko maabara. Mtungi uliofungwa mshumaa ukiwaka ndani, unaotumika kupunguza oksijeni pasipo na vifaa, humwacha bakteria na oksijeni ya asilimia 16 hivi, ambayo kwa kawaida ni nyingi mno kwake. Panahitajika chombo kisichopitisha hewa na pakiti ya kemikali inayofyonza oksijeni hadi ibaki kidogo. Pakiti hiyo isipokuwepo, mtoto anaharisha damu na majibu ya kinyesi yanarudi yakisema hakuna kilichoota.