Biashara yako ni samaki mdogo, acha kuigeuzageuza

Una kibanda cha mitumba Gikomba, wiki ya tatu tu ushabadilisha bei mara nne na jina mara mbili. Tulia kwanza!

Tao Te Ching, kitabu cha Kichina chenye sura 81 kinachohusishwa na Laozi, kinafananisha kutawala nchi kubwa na kupika samaki wadogo. Aliyewahi kuwakaanga anajua: ukiwageuzageuza, wanavunjika.

Watao wana neno, wu wei, kutenda bila kulazimisha. Si uvivu huo. Robota likifunguliwa alfajiri lazima uwepo, uchague. Lakini mteja akishika gauni, mwache alitazame, usimkimbize na bei mpya. Jinzi zikitoka haraka, ongeza jinzi. Yale mashati unayoyapenda peke yako, yauze bei ya kutupa.