REJISTA ZA RUTA NA KITUO CHA KUZIKUSANYA

Wapiganaji wetu, pamoja na ndugu zetu wa polisi, wanaifahamu vyema rejista ya kizuizini. Gari linapopita, koplo wa zamu huandika namba yake, litokako, liendako, saa na idadi ya abiria. Mizigo haifungui ila akiamriwa. Tulipokuwa chuo cha makadeti tuliiona kazi hiyo kuwa adhabu ya usiku, wala hatukudhani kwamba siku moja tungeikuta tena ndani ya kompyuta.

Ruta ni chombo kikaacho kwenye njia panda za mtandao wa kompyuta, kikizielekeza pakiti, yaani vipande vya habari, huko ziendako. Mwaka 1996 kampuni ya Cisco ya Marekani ilibuni utaratibu uitwao NetFlow, unaoifanya ruta iandike rejista yake. Pakiti zinazotoka anwani moja kwenda anwani moja, kwa poti zilezile na itifaki ileile, huhesabiwa kuwa mkondo mmoja. Huandikwa saa ya kuanza na ya kumalizika, idadi ya pakiti na uzito wake kwa baiti. Maneno yaliyomo hayaandikwi. Utaratibu huo ndio uliozaa IPFIX, kanuni ya kimataifa isiyofungwa na kampuni yoyote.

Mkondo ukiisha, au ukidumu mno, ruta huipeleka taarifa yake kwenye kompyuta moja ya kukusanyia. Taarifa za ruta zote zikikutana hapo, afisa wa mawasiliano hupata picha ya uwanja mzima. Na hapo hapo ndipo aweza kupotoka.

Gari lililopita vizuizi vitatu si magari matatu. Kadhalika mkondo uliopita ruta tatu utaandikwa mara tatu, na mjumlishaji asiyeangalia ataripoti mara tatu ya yaliyotokea. Ruta kubwa nazo, kwa wingi wa kazi, pengine hutazama pakiti moja tu katika kila elfu. Basi mkondo mdogo waweza kupita bila kuonekana kabisa. Tena taarifa zenyewe kwa kawaida hutumwa bila stakabadhi. Zina namba za mfululizo, hivyo pengo hujulikana, bali kilichokuwamo pengoni hakijulikani.

Lililo zito kuliko yote ni saa. Tuchukue mfano wa Slammer, mdudu wa kompyuta aliyeenea duniani tarehe 25 Januari 2003. Alikuwa pakiti moja tu ya baiti 404, iliyopelekwa poti 1434 ya kompyuta zenye programu ya SQL Server. Dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa miezi sita kabla, ila wengi hawakuitumia. (Uzembe wa namna hiyo twaujua hata makambini.) Katika dakika 10 alikuwa amezipata zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta zilizokuwa wazi kwake, zilizoambukizwa zilikuwa 75,000 au zaidi.

Katika rejista mdudu wa namna hii haonekani kwa ukubwa wa mzigo. Huonekana kwa mstari uleule unaorudiwa maelfu ya mara: pakiti moja, baiti 404, poti 1434, kila mara anwani nyingine. Ruta moja itaonyesha adui kila upande. Zikikusanywa zote ndipo hujulikana ni kompyuta ipi ya ndani iliyotangulia kurusha. Lakini idadi ya zilizoambukizwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kila sekunde 8.5 hivi mwanzoni. Ruta yenye saa iliyochelewa dakika moja tu itamwonyesha aliyefuata kuwa ndiye aliyetangulia. Mashine isiyo na hatia itang'olewa, yenye kosa iendelee kurusha. Na polisi watakaopewa karatasi hiyo kuwa ushahidi wataugonga mlango usio wenyewe. Ndiyo sababu saa za ruta zote zapaswa kulinganishwa kwa itifaki ya NTP kabla taarifa ya kwanza haijakusanywa.

Limebaki jambo la njia. Dhoruba kama ile ikijaza mtandao, taarifa zipitazo njia hiyohiyo hupotea pamoja na nyinginezo, saa ileile zinapohitajiwa. Penye uwezo, ruta zapewa waya wao peke yake wa kuripotia, usiopitisha kitu kingine.